Dakika Tatu za Mama Zawadi

Niliondoka Singida kwa sababu niliamini nimeitwa kwenda kufundisha. Nalisema mapema ili msomaji ajue nilisafiri na kichwa cha ukubwa gani. Mimi ni mkunga mstaafu. Kwa miaka ishirini na mitatu nimefundisha wahudumu wa afya wa vijiji, na kwa miaka hiyo hiyo nimekuwa mtu wa kufungua semina. Kama uliwahi kuhudhuria semina ya afya ya uzazi mkoani kwetu ukaona mama mfupi amesimama mbele anamtambua mgeni rasmi, anamtambua mwenyekiti, anawatambua viongozi wa dini, watendaji wa kata na mpishi, huenda tulishaonana.

Aliyeniita ni Neema, binti wa mama yangu mdogo, anayeishi Malton, pembeni mwa Toronto huko Kanada, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Anafunga mizigo kwenye ghala. Kazini amezoeana na mama mmoja wa kutoka Kolombia, na mama huyo ana kikundi cha kina mama wenzake wanaozungumza Kihispania, waliotoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Wenyewe hujiita Walatina. Kikundi chao kinatetea afya ya uzazi, na sasa kilikuwa kimewakaribisha kina mama wa Kiswahili wa kanisani kwa Neema wajiunge.

"Njoo na wewe, dada," Neema aliniambia kwenye simu. "Wiki tatu tu. Nauli nakutumia."

Sikuuliza nije kama nani. Nilijua. Nilikwenda kwa fundi wa majeneza wa mtaani kwetu, nikamwomba anichongee nyonga ya mbao ya kufundishia. Kizazi nilikishona mwenyewe kwa pazia jekundu lililochakaa, na mtoto wa kitambaa nikamjaza pamba. Fundi alinikabidhi kazi yake akasema, "Mama, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya mtu anayeingia duniani." Nikaona hiyo ni ishara njema.

Dar es Salaam, siku mbili baadaye, nilipima sanduku uwanjani. Lilizidi uzito. Nikaacha sweta mbili, nikabaki na nyonga. Ilikuwa mwezi wa tatu, na Neema alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kule bado kuna theluji. Mwalimu, nilijiambia, hutangulia na vifaa.

Toronto, saa tisa alasiri. Ofisa wa forodha alifungua sanduku langu, akaitoa nyonga kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Nyonga ya mwanamke."

"Ya nani?"

Nilimweleza kuwa ni ya mbao, si ya mtu. Hapo angeniruhusu nikapita. Lakini mimi nikishaulizwa swali huona ni haki ya muulizaji kupata jibu kamili. Nilimpitisha mtoto wa pamba kwenye nyonga, nikamwonyesha jinsi kichwa kinavyoshuka, kinavyogeuka, bega linavyofuata. Nyuma yangu foleni ilianza kukohoa. Ofisa alitazama mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kichwa hugeuka chenyewe, maana mkewe alikuwa karibu kujifungua. Nikarudia kutoka mwanzo. Neema alinisubiri nje saa moja na nusu, na aliponiona natetemeka ndani ya koti la mvua alisema neno moja tu: "Sweta?"

Malton, asubuhi iliyofuata. Nyumbani kwa Neema niligundua jambo ambalo lilikuja kuwa na maana baadaye. Nilimuuliza mwanawe kama amekunywa chai. Alinielewa vizuri kabisa, akanijibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza kwa Kiingereza, akamjibu mama yake. Neema alicheka. "Ndivyo walivyo wote hapa, dada. Kiswahili kinaingia, Kiingereza kinatoka. Ukienda hospitali na huna lugha, hao ndio wakalimani wako."

Thorncliffe Park, Jumamosi. Tulipanda mabasi na treni kwa zaidi ya saa moja na nusu hadi kwenye maghorofa marefu yaliyosimama pamoja, kila kibaraza kimeanikwa zulia au baiskeli. Ghorofa ya kumi na nne anaishi Mama Zawadi, mwenzake Neema wa kanisani, mwanamke wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye Kiswahili chake ni cha kwao: "bana-" ni "wana-", na "njo" ni "ndiyo". Anafua mashuka ya hoteli siku tano kwa wiki. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na miguu yake aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Karibu, Mama Mwalimu. Bon, kaa. Neema amesema uko mukubwa wa mambo ya uzazi kule Tanzania."

Nilimwambia hapana, mimi wa kawaida tu, kwa namna ile ya kusema hapana inayomaanisha ndiyo. Kisha nikatoa nyonga ya mbao na kuiweka mezani.

Binti yake Grace, wa miaka kumi na tatu, alikuwa anafanya kazi za shule kwenye meza hiyo hiyo. Aliitazama nyonga, akakusanya madaftari yake taratibu, akaondoka sebuleni.

"Umemufukuza," alisema Mama Zawadi bila hasira. "Hapendi ile mambo. Anayajua mingi kupita kipimo."

Ndipo akanieleza. Miaka miwili nyuma alikuwa akitokwa na damu isiyokoma, akaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Hakukuwa na mkalimani, kwa hiyo Grace, wakati huo ana miaka kumi na moja, ndiye aliyekaa kati yake na daktari.

"Muganga anauliza mambo ya bwana na bibi, mutoto anaangalia chini. Yale ya haya anayaruka. Bananiambia nitie sahihi, natia. Banaweka kijiti mu mukono. Miye nafikiri ni dawa ya kukausha damu, na kweli damu ikakauka. Sikujua iko pia ya kuzuia mimba. Mwaka na nusu niko natafuta mutoto na mume wangu, tunagombana, yeye anasema ni miye, miye nasema ni yeye. Kumbe kijiti."

Kijiti chenyewe ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, nami nimekiweka kwenye mikono ya wanawake wengi. Hufaa hata kupunguza damu. Ubaya haukuwa kwenye dawa. Ubaya ni kwamba mwenye mwili hakujua alichokubali, na mtoto aliachiwa mzigo wa kumwambia. Grace alipojua kilichotokea alilia siku nzima, akidhani ni yeye aliyewanyima wazazi wake mtoto.

"Kituo kingine, hiki cha hapa chini, kikaniondolea kijiti," Mama Zawadi aliendelea. "Siku ya Jumamosi banakuwa na mukalimani mutu mukubwa, mwenye kusomea, na siku yoyote ya kuzaa anakufuata mupaka hospitali. Njo nikapata hii mimba. Sasa banataka kumuondoa. Banasema kila mutu aje na wake." Alishusha miguu kutoka kwenye ndoo. "Mama Mwalimu, nitazaa mwezi wa sita. Sitaki Grace akae tena pale katikati."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, kubwa kuliko nyonga yangu. Bodi ya kituo hicho, watu tisa, ingekaa baada ya siku kumi na mbili kuamua kama wakalimani wa Jumamosi wabaki au waondoke. Mama Zawadi alikuwa amepewa nafasi ya kuzungumza. Nilimshika mkono nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamfundisha kuhutubia. Mungu anisamehe.

Ukumbi wa chini wa kanisa, Jumapili mchana. Hapa nilikutana na Doña Marisol, yule rafiki wa Neema wa ghalani. Doña kwao ni kama Bi kwetu. Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya mkwaruzo, na shingoni alikuwa amening'iniza kengele ya jikoni, ile saa ndogo ya plastiki ya kupimia mayai yanapochemka. Nilidhani ni pambo.

Kina mama kama ishirini walikaa kwenye duara, Walatina na wa kwetu. Wengine walikuwa na watoto mapajani. Kulikuwa na mikate ya mahindi yenye jibini ndani, na maandazi ya Neema. Neema alinitafsiria Kiingereza kilichonipita kasi.

Nieleze wanavyofanya kazi, maana ndicho nilichofuata ingawa sikujua. Wanazungumza juu ya haki ya uzazi, na kwao haki hiyo ina vipande vitatu: mwanamke aamue kuzaa, aamue kutozaa, na watoto aliozaa aweze kuwalea mahali salama. Kijiti cha Mama Zawadi kilimnyima cha kwanza. Kuna Mlatina pale, msafishaji wa ofisi, aliyenyimwa cha pili, maana hakupata ruhusa kazini ya kwenda kliniki. Hawabishani nani kaumia zaidi. Wanauliza: nani anaamua juu ya jambo hili? Wakishawajua, wanagawana. Kila mama hupewa mmoja wa wale watu tisa wa bodi, amjue: anafanya kazi gani, ana hofu gani, amwandikie barua, amwombe nafasi ya kunywa naye kahawa. Nilikumbuka miaka yangu ya kupeleka maazimio ya semina kwa watu ambao hawakuwa na uwezo hata wa kubadilisha pazia la ofisi, nikajikohoza.

Wana sharti moja lisilovunjwa. Hakuna anayeusemea mwili wa mwenzake. Mwenye jambo ndiye anayelisema.

"Na muda," alisema Doña Marisol akiinua kengele yake. "Bodi inatoa dakika tatu. Kengele ikilia, unakaa. Hata kama wewe ni malkia."

Nikajitolea kuonyesha mfano. Hakuna aliyeniomba. Nilisimama, nikajinyoosha, nikaanza. Nilimtambua mwenyekiti wa bodi. Nikamtambua makamu wake na katibu. Niliwatambua wajumbe, wauguzi, kina mama wa Kilatina, kina mama wa Kiswahili, kanisa lililotupa ukumbi, na walioandaa maandazi. Nikaleta salamu kutoka Singida. Nikasema itifaki imezingatiwa. Nikasema kabla sijaenda mbali ningependa kutumia nafasi hii—

Kengele ikalia.

Mtoto mmoja alipiga makofi. Doña Marisol alisema kitu kwa Kihispania, Walatina wote wakaangua kicheko. Nilimtazama Neema.

"Anasema umeshawasalimia wote, sasa unaweza kwenda nyumbani."

Niliketi. Mama Zawadi aliniinamia. "Mama Mwalimu, na siye pale kanisani tunafanyaka vile vile. Njo maana ibada iko inaisha saa nane." Alikuwa ananifariji, lakini nilimwona anahamisha karatasi yake kutoka upande wangu kwenda upande wa Doña Marisol.

Thorncliffe Park tena, siku zilizofuata. Mama Zawadi alijifunza hotuba yake huku akikunja nguo. Ilianza hivi: "Naitwa Mama Zawadi. Nina mimba." Nilimuuliza kama hata "habari za jioni" haitakuwepo. Alisema zikibaki sekunde ataiweka mwishoni. Nilikuwa nimepewa kazi moja tu, kwa kuwa siku ya kikao bodi haingekuwa na mkalimani wa Kiswahili na Neema angekuwa zamu: kusimama kando yake na kugeuza maneno yake kwa Kiingereza. Doña Marisol aliomba, na bodi ikakubali, kwamba mimi nipewe dakika tatu zangu za kutafsiri. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa: maneno yake tu. Nilimwambia nimefanya kazi ya kusema mbele za watu kabla baadhi ya hao wa bodi hawajazaliwa. Akaishika kengele yake.

Kituo cha afya, saa kumi na mbili jioni, siku ya bodi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, watu tisa upande mmoja, sisi kwenye viti vya plastiki. Walatina walikuwa wameshazungumza, kila mmoja akakaa kabla ya muda kuisha. Grace alibaki nyumbani. Mama yake ndiye aliyetaka hivyo.

Mama Zawadi alisimama, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Naitwa Mama Zawadi. Nina mimba ya miezi sita. Mutoto wangu wa miaka kumi na moja njo alitafsiri siku banatia kijiti mu mukono wangu, na mimi sikujua ni nini."

Akanigeukia. Watu tisa wakanitazama. Taa zilikuwa kali. Na hapo, wasomaji wangu, miaka ishirini na mitatu ilinipanda kama homa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, "waheshimiwa wajumbe wa bodi, Mama Zawadi anawasalimu kwa heshima zote, na anatoa shukrani za pekee kwa uongozi wenu na kwa huduma bora mnazo—"

"Mama Mwalimu."

Nilisimama katikati ya neno. Mama Zawadi anafua mashuka kwa amri za Kiingereza siku tano kwa wiki. Kukizungumza kunamshinda, lakini kukisikia hakumshindi.

"Nimesalimia nani?" aliuliza.

"Ni heshima tu, mama."

"Na huduma bora ni miye nimesema? Miye nasema yangu. Wewe usiongeze."

Mwenyekiti wa bodi, mwanamke mwenye miwani, aliinama mbele. "Samahani. Amesema nini?"

Kulikuwa na namna nyingi za kutoka pale. Ningeweza kusema ananiomba niongeze sauti. Hakuna mjumbe ambaye angejua. Nilimtazama Doña Marisol, na alikuwa ameishika kengele kifuani kama mtu anayemzuia kuku. Nikageuza maneno kama yalivyo.

"Anasema hakumsalimia mtu yeyote," nilisema. "Anasema hakuwasifu. Mimi ndiye nimewasifu. Anasema nisiongeze."

Chumba chote kikacheka, hata wale tisa. Mama Zawadi hakucheka. Alisubiri watulie, akaendelea, nami nikamfuata neno kwa neno kama mtoto anayevushwa barabara.

"Huyu ni mutu mukubwa," alisema, akininyoshea kidole. "Iko rafiki yangu. Iko mukunga. Ananipenda. Na bado ameweka maneno yake mu kinywa changu mbele yenu. Sasa fikirini mutoto. Mutoto mwenye haya, anaogopa muganga, anaogopa mama yake. Nitazaa mwezi wa sita. Nataka mutu mwenye kusomea kusema yangu. Nataka mutoto wangu abaki mutoto." Alifikiri kidogo. "Habari za jioni."

Kengele haikulia. Alibakiza sekunde.

Bodi ilijadiliana mbele yetu. Mjumbe mmoja aliyekuwa ameshikilia kwamba ndugu wa mgonjwa wanatosha alisema kuwa kwa alichokiona jioni ile, hata yeye asingependa kutafsiriwa na ndugu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Waliamua wakalimani wa Jumamosi wabaki kwa mwaka mmoja, kisha jambo lijadiliwe tena, na kwamba tangu siku hiyo mtoto asiketishwe kutafsiri.

Nje kulikuwa na theluji iliyoyeyuka nusu, ile chafu. Nilimwomba Mama Zawadi msamaha. Sikuongeza kitu.

"Wacha, mama. Umetusaidia."

"Kwa kuharibu?"

"Kila mutu na kipaji yake." Sasa ndipo alipocheka, akiegemea ukuta na kushika tumbo. Kisha akasema, "Mwaka muzima. Miye nahitaji miezi tatu tu. Ile ingine ni ya banamuke bengine."

Doña Marisol alinijia. Alivua kengele yake shingoni, akanivalisha mimi.

Uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, siku ya kurudi. Nyonga ya mbao niliiacha kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ambako nasikia hutumika kushikilia mlango usijifunge. Nilirudi na kengele ya jikoni na sweta tatu za Neema.

Singida, mwezi wa tano. Kata yetu iliitisha mkutano kuhusu chumba cha kujifungulia ambacho kilikuwa kifungwe ili kigeuzwe stoo. Niliombwa, kama kawaida, kufungua. Safari hii tulikuwa tumeshajua ni nani hasa mwenye kauli juu ya chumba kile, na kina mama sita walikuwa wameshamfikia ofisini kwake. Nilisimama, nikataja jina langu, nikamkaribisha Mwanaidi, aliyejifungulia njiani mwaka uliopita, aseme ya kwake. Niliwasha kengele, nikakaa. Nakiri kwamba kabla ya kukaa nilimtambua mpishi. Siwezi kuacha yote kwa mara moja. Stoo imetafutiwa mahali pengine. Nawe unayesoma, kama una jambo kama hili mtaani kwako, anza. Tafuta anayeamua, mpe nafasi mwenye jambo, kisha nyamaza. La mwisho ndilo gumu, lakini nimeona hata mimi naliweza.

Mwezi wa sita ulipokuwa unaisha nilipokea ujumbe wa sauti kutoka ghorofa ya kumi na nne. Mama Zawadi amejifungua mtoto wa kike, salama. Mkalimani wa kituo alimfuata hospitali, mama wa kutoka Burundi aliyesomea kazi hiyo, akasema yote na hakuongeza chochote. Nilisikiliza kwa makini ilipofika sehemu ya jina, maana nilikuwa nimeshajiandaa kukataa kwa unyenyekevu kisha nikubali. Mtoto anaitwa Marisol.

Kisha sauti ikabadilika. Grace alikuwa amechukua simu, na kwa mara ya kwanza alinisemesha kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, huku akicheka.

"Bibi, mimi nilikuwa shule. Nimerudi nyumbani, baba anasema una mdogo. Mimi sikujua kitu, Bibi. Sikujua kitu!"